Gerry na Sylvia Anderson: Wanandoa waliovirusha vikaragosi angani

JIONI ya Alhamisi, Septemba 30, 1965, watoto wa Uingereza waliketi mbele ya televisheni wakitazama ndege kubwa ya abiria, iendeshwayo kwa nguvu za atomiki, ikizunguka angani bila kuthubutu kutua. Bomu lilikuwa limetegwa kwenye magurudumu yake, na kishindo cha kugusa ardhi kingelilipua. Wakubwa wa uwanja wa London walipokuwa wameishiwa mbinu, kikatokea kikosi cha siri kutoka kisiwa kisichojulikana, kikiwa na mitambo ambayo hakuna serikali iliyokuwa nayo. Kikosi hicho kiliiokoa ndege, kisha kikatoweka bila kudai hata senti.

Wahusika wote wa mchezo huo walikuwa vikaragosi vyenye vichwa vikubwa kuliko miili, vikining'inia kwenye nyuzi nyembamba za chuma. Ilikuwa sehemu ya kwanza ya mfululizo wa Thunderbirds, na mswada wake ulikuwa umeandikwa na Gerry Anderson pamoja na mkewe, Sylvia.

Kwa takribani miaka 15 majina hayo mawili yaliandamana kama chanda na pete. Wanandoa hao walibuni hadithi za kisayansi, wakaziandika, wakazitayarisha na kuziuza katika nchi nyingi, wakati ambapo watengenezaji wengi wa televisheni waliuona mchezo wa vikaragosi kuwa kitu cha kuwanyamazishia watoto wadogo. Hata hivyo, wengi wanaozikumbuka kazi hizo leo husema ni za Gerry Anderson, basi. Jina la pili limefifia. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba umiliki wa kazi zenyewe haukubaki kwa mume wala kwa mke.

Gerry alizaliwa London mwaka 1929. Kaka yake, Lionel, alijiunga na jeshi la anga wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia na kupelekwa Marekani kwa mafunzo. Katika barua zake kwa familia alitaja kambi ya ndege iliyoitwa Thunderbird Field. Lionel aliuawa vitani mwaka 1944. Mdogo wake alilihifadhi jina hilo kwa miaka ishirini.

Kazi ya filamu Gerry alianza kujifunza katika Kitengo cha Filamu za Makoloni, idara ya Serikali ya Uingereza iliyoanzishwa mwaka 1939 kutengeneza picha za kuonyeshwa Waafrika katika makoloni. Wazee wa Kenya, Uganda na Tanganyika watakumbuka magari ya sinema yaliyokuwa yakizunguka vijijini na kutundika pazia jeupe uwanjani jua lilipozama. Baadaye akawa mhariri wa filamu, na akatumikia jeshi la anga kwa mujibu wa sheria. Huko jeshini alishuhudia ajali ya ndege, na siku nyingine akaona ndege ya kivita ikikaribia kutua magurudumu yakiwa hayajashuka. Si vigumu kuona ndege ile ya mwaka 1965 ilitoka wapi.

Sylvia alizaliwa London mwaka 1927, akasoma sosholojia na siasa katika chuo cha London School of Economics, akaishi Marekani kwa miaka kadhaa, na kurejea nyumbani mwaka 1955. Aliajiriwa kuwa katibu muhtasi katika kampuni ndogo ya filamu alikokuwa akifanya kazi Gerry. Kampuni hiyo ilipoporomoka, Gerry na mwenzake Arthur Provis walianzisha yao mwaka 1957, wakaiita AP Films. Sylvia alikwenda nao. Studio yao ya kwanza ilikuwa ukumbi wa jumba la zamani huko Maidenhead, kando ya mto Thames.

Walisubiri kazi, kazi haikuja. Hatimaye ilikuja moja tu, nayo ilikuwa ya vikaragosi. Gerry alitaka kutengeneza sinema za watu, na kwa miaka mingi baadaye hakuficha kwamba aliipokea kazi hiyo kwa unyonge. Lakini kampuni ilikuwa na njaa, na mwenye njaa hachagui tonge. Kwa kuwa aliona aibu kuhusishwa na vikaragosi, aliamua kuvipiga picha kana kwamba ni sinema ya watu: taa za sinema, mikato ya haraka, kamera inayosogea, mandhari yenye kina. Aibu hiyo ndiyo iliyozaa ufundi wao.

Gerry na Sylvia walifunga ndoa mwaka 1960. Mwaka huohuo ulirushwa mfululizo wao wa Four Feather Falls, hadithi ya wachunga ng'ombe wa Marekani.

Tatizo la miguu

Inafaa kueleza hapa kwa nini wanandoa hao waliangukia hadithi za anga na mitambo, kwani sababu yenyewe si ile ambayo wengi wangeidhania. Kikaragosi cha nyuzi hakiwezi kutembea vizuri. Hata mchezeshaji awe hodari namna gani, mguu huinuka ukiwa hauna uzito, na hatua huonekana kama ya mtu anayekanyaga makaa. Kikiketi, hata hivyo, kikaragosi huweza kuaminika. Basi kikalishwe. Na kikikalishwa, lazima kikalishwe ndani ya kitu kinachokwenda, na kitu hicho kikiwa cha kusisimua mtazamaji atasahau kabisa habari ya miguu.

Ndivyo ilivyozaliwa Supercar mwaka 1961, gari lenye uwezo wa kuruka angani na kuzama baharini. Mhusika mkuu alikuwa dereva, naye alikaa. Baada yake, mwaka 1962, ilikuja Fireball XL5, chombo cha anga za mbali. Kisha Stingray ya mwaka 1964, nyambizi ya karne ijayo, iliyokuwa mfululizo wa kwanza wa watoto nchini Uingereza kupigwa picha zote kwa rangi.

Tatizo la kinywa nalo lilipata dawa ya aina yake. Waigizaji walirekodi sauti kwanza. Kanda ilipochezwa studio, mawimbi ya sauti yaligeuzwa kuwa mikupuo ya umeme iliyopita kwenye zilezile nyuzi zilizokibeba kikaragosi, hadi kwenye sumaku ndogo ya umeme iliyofichwa kichwani, ambayo ilivuta mdomo wa chini kila silabi ilipotamkwa. Mtambo huo ulihitaji nafasi, na ndiyo maana vichwa vilikuwa vikubwa. Gerry aliupa mfumo mzima jina la mbwembwe, Supermarionation, na jina hilo likawa kama chapa ya duka.

Fedha zilitoka kwa Lew Grade, tajiri wa televisheni aliyekuwa akisikiliza wazo kwa dakika chache na kukata shauri palepale. Kampuni ya wanandoa hao ilikuwa karibu kufilisika pale Gerry alipompelekea wazo la Supercar. Grade alitaka gharama zipunguzwe kwa nusu. Gerry na wenzake walikesha wakikokotoa, wakafanikiwa kupunguza theluthi tu, na bado Grade akawapa kazi. Baada ya Fireball XL5, mfululizo ambao mtandao wa NBC wa Marekani uliununua, Grade alifanya jambo kubwa zaidi: aliinunua AP Films yenyewe. Siku hiyo ilionekana kuwa neema. Gerry na Sylvia walipata mtaji, studio kubwa katika eneo la viwanda la Slough, na uhakika wa mishahara. Ila kuanzia hapo, kila walichobuni kilikuwa mali ya mwingine.

Nani aliandika nini

Wazo la Thunderbirds lilitokana na msiba. Oktoba 1963 maji yalifurika katika mgodi wa chuma wa Lengede, Ujerumani Magharibi. Watu 29 walikufa. Wachimbaji 11 waliopatikana wakiwa hai ndani ya uwazi chini ya ardhi walitolewa baada ya wiki mbili, mmoja baada ya mwingine, kupitia shimo jembamba lililochimbwa kwa mtambo maalumu. Gerry alifuatilia habari hizo redioni, akajiuliza kwa nini mitambo ya uokoaji isokotwe kutoka mbali saa zikiyoyoma, badala ya kuwekwa tayari mahali pamoja na kurushwa kwa ndege popote ilipohitajika.

Hilo lilikuwa la Gerry. Lakini kikosi cha uokoaji kilihitaji watu, na hapo ndipo mkono wa Sylvia ulipoingia. Mswada wa sehemu ya kwanza waliuandika pamoja katika nyumba yao ya mapumziko nchini Ureno, kwa muda wa wiki nne hivi. Gerry alijikita kwenye matukio: milipuko, mitambo, dakika zinazohesabika. Sylvia alishughulikia wahusika: namna wanavyozungumza, wanavyovaa, wanavyopendana na kutaniana. Ndivyo walivyogawana kazi kwa miaka yote. Sylvia ndiye aliyesimamia uteuzi wa sauti, mavazi na maumbile ya vikaragosi.

Ndugu watano wa familia ya Tracy, ambao ndio marubani wa kikosi, walipewa majina ya wanaanga wa kwanza wa Marekani: Scott, Virgil, Alan, Gordon na John. Hata hivyo, mhusika aliyependwa kuliko wote hakuwa rubani. Alikuwa Lady Penelope, bibi wa kikabaila wa Kiingereza anayefanya ujasusi bila kuchafua glavu zake, akipita barabarani katika gari la Rolls-Royce la rangi ya waridi lenye magurudumu sita na bunduki mbele. Sauti yake ilikuwa ya Sylvia mwenyewe, na inaelezwa kuwa hata sura ya kikaragosi ilichongwa kwa kumtazama yeye. Dereva wake, Parker, mwizi wa zamani wa makasha ya fedha, aliigizwa na David Graham. Lafudhi ya Parker ilichukuliwa kwa mhudumu wa baa moja ya kijijini. Gerry alimtuma Graham akale chakula hapo mara kadhaa ili amsikilize mzee huyo akiongea.

Kumwondoa Penelope na Parker katika Thunderbirds ni kubaki na maonyesho mazuri ya mashine. Kuondoa mashine ni kubaki na kichekesho cha ukumbini. Kwa hiyo ubishi wa nani hasa alikuwa muumba wa mfululizo huo, ambao umedumu miongo mingi, unaweza kujibiwa na yeyote aliyeutazama kwa saa moja.

Mtu wa tatu asiyestahili kusahauliwa ni Derek Meddings, mkuu wa kitengo cha modeli na milipuko. Moto na maji havipunguki ukubwa: tone la maji ni lilelile kando ya meli ya kweli au ya mbao. Meddings alipiga picha kwa kasi kubwa kuliko ya kawaida, ili zikichezwa kwa kasi ya kawaida modeli ya kilo chache ianguke kwa uzito wa tani. Kwa ajili ya ile ndege ya atomiki, alitengeneza barabara ya ukanda unaozunguka, ndege ikibaki mahali pamoja na uwanja ukikimbia chini yake. Baadaye alifanya kazi katika filamu za James Bond, na kushiriki tuzo maalumu ya Oscar kwa filamu ya Superman ya mwaka 1978. Brian Johnson, aliyekuwa chini yake Slough, naye alipata Oscar, kwa filamu ya Alien. Karakana ya vikaragosi ilikuwa imegeuka chuo.

Grade alipoitazama sehemu ya kwanza alifurahi mno hata akaamuru kila sehemu irefushwe kutoka nusu saa hadi saa moja. Sehemu kadhaa zilikuwa tayari zimekwisha kupigwa picha. Ilibidi waandishi wabuni matukio ya kuzijaza, na huenda amri hiyo ya kibiashara ndiyo iliyowapa vikaragosi hao nafasi ya kuwa watu, kwa kuwa dakika zilizoongezwa zilikuwa za mazungumzo zaidi kuliko milipuko. Hata hivyo, mwaka 1966 Grade alishindwa kuuza mfululizo huo kwa mtandao wowote mkubwa wa Marekani, na akaukatisha baada ya sehemu 32. Filamu mbili za sinema zilizofuata, ambazo Sylvia alizitayarisha, hazikuvuta watazamaji.

Mwaka 1967 walitoa Captain Scarlet and the Mysterons, hadithi ya vita kati ya dunia na viumbe wa sayari ya Mirihi. Mtambo wa mdomo ulikuwa umehamishiwa kifuani, hivyo vichwa vikalingana na miili. Kwa msomaji wa Afrika, mfululizo huu una jambo la kutazamwa kwa makini zaidi ya vichwa. Ofisa wa mawasiliano wa kikosi, Lieutenant Green, alikuwa mtu mweusi, na sauti yake ilikuwa ya Cy Grant, mwigizaji na mwanamuziki mzaliwa wa Guyana aliyewahi kuwa ofisa wa jeshi la anga la Uingereza na mateka wa Wajerumani. Marubani wote watano wa ndege za kivita walikuwa wanawake, mmoja wao mweusi. Katika televisheni ya watoto ya Uingereza ya miaka ile, hayo hayakuwa mambo ya kawaida.

Kutoka nyuzi hadi binadamu

Vikaragosi vilimalizika mwaka 1969 na mfululizo wa The Secret Service, ambao Grade aliufunga baada ya sehemu 13. Gerry hakusikitika sana. Alikuwa amepata alichokililia: waigizaji wa damu na nyama.

UFO, iliyoanza kurushwa mwaka 1970, ilisimulia juu ya kikosi cha siri kinachopambana na wavamizi kutoka anga za mbali, makao yake yakiwa chini ya studio ya filamu. Mavazi yalibuniwa na Sylvia, zikiwemo zile nywele za bandia za zambarau za wasichana wa kituo cha mwezini ambazo bado zinachekesha na kuvutia kwa pamoja. Lakini ndani ya mapambo hayo kulikuwa na uchungu wa watu wazima. Sehemu mbili zilieleza jinsi kamanda wa kikosi alivyopoteza ndoa kwa sababu ya kazi asiyoweza kumweleza mkewe, na jinsi alivyompoteza mwanawe.

Maandalizi ya msimu wa pili wa UFO yaligeuzwa kuwa Space: 1999. Mwezi, uliojazwa taka za nyuklia, unalipuka na kutupwa nje ya njia yake, ukiwachukua wakazi wa kituo chake kwenye safari isiyo na mwisho. Wakati huo ulihesabiwa kuwa mfululizo wa gharama kubwa kupita yote iliyowahi kutengenezwa Uingereza. Grade, akitafuta soko la Marekani, alitaka nyota wa Marekani, na wakachukuliwa Martin Landau na Barbara Bain, nao mume na mke. Sylvia hakuafiki uteuzi huo. Mbele ya kamera walikuwa wanandoa wawili. Nyuma ya kamera walikuwa wengine wawili ambao ndoa yao ilikuwa ikivunjika. Upigaji picha wa sehemu 24 za kwanza ulipokamilika mwaka 1975, Gerry na Sylvia walitengana. Msimu wa pili uliendelea bila Sylvia, mtayarishaji akiwa Mmarekani Fred Freiberger, na wengi walioupenda msimu wa kwanza waliona kwamba kitu kimepungua.

Kilichofuata kwa Gerry kilikuwa kigumu. Akikabiliwa na uhaba wa fedha, aliuza nyumba ya Ureno, ileile walimoandika sehemu ya kwanza ya Thunderbirds, na pia sehemu yake ya faida itokanayo na kazi zao za zamani. Hapo ndipo hesabu ya ile neema ya miaka ya 1960 ilipokamilika. Mwaka 1991 BBC ilianza kurudia Thunderbirds, na kizazi kipya kikaingiwa na wazimu uleule. Kufikia Krismasi ya mwaka 1992 modeli ya kisiwa cha akina Tracy ilikuwa imeadimika madukani, kiasi kwamba kipindi cha Blue Peter kiliwafundisha watoto kutengeneza ya kwao kwa maboksi. Fedha za mauzo hayo hazikuwa za Gerry. Hakimiliki ziliendelea kuuzwa pamoja na makampuni yaliyozishika, hadi zikaangukia ITV.

Sylvia naye aliandika vitabu, kisha kwa takribani miaka 30 akawa mwakilishi wa HBO mjini London, akiitafutia vipaji na hadithi. Kilichomuuma zaidi, kama alivyoeleza mara kwa mara hadharani, ni kuona jina lake likiachwa katika matangazo, vitabu na bidhaa, kana kwamba Penelope alijiandika mwenyewe. Uhasama baina yao haukupata suluhu. Filamu ya Thunderbirds ya mwaka 2004, iliyoongozwa na Jonathan Frakes, iliwaonyesha walivyokuwa mbali: Sylvia alishirikishwa na kuisifu, Gerry hakushirikishwa ipasavyo na kuilaani. Watazamaji walikuwa upande wa Gerry, na filamu haikufua dafu.

Gerry, aliyetunukiwa nishani ya MBE mwaka 2001, alifariki dunia Desemba 26, 2012, akiwa na umri wa miaka 83, baada ya kuugua maradhi ya kupoteza kumbukumbu. Mwaka 2015 ITV ilianza kurusha toleo jipya, Thunderbirds Are Go, wahusika wakichorwa kwa kompyuta na mandhari yakijengwa kwa modeli. Parker aliigizwa tena na David Graham, ambaye sasa naye ni marehemu. Lady Penelope alipewa mwigizaji kijana, Rosamund Pike, lakini katika sehemu mojawapo Sylvia aliitwa studio kutoa sauti ya shangazi mzee wa Penelope. Watayarishaji walimwita mhusika huyo Great Aunt Sylvia. Alifariki dunia Machi mwaka uliofuata, akiwa na umri wa miaka 88.